Maneno Yangu kwa Kinywa cha Mkweo

Mjukuu wangu Salma,

Huna adabu! Mimi bibi yako niliyekulea, unanijibu kwenye simu, "Sawa. Sitokuja." Hata salamu hukuitia.

Umesahau tulivyokuwa tukiishi hapa Madungu? Babu yako akirudi na halua anakuita wewe mwanzo: "Mke mdogo yuko wapi?" Mimi nawe tumekaa ukumbini tunachambua karafuu, nakufokea, "Muache mume wangu, mchawi we!" Nawe kibogoyo, meno ya mbele yote yametoka, unanijibu, "Keshakuchoka, kizee! Rudi kwenu!" Babu yako anacheka mpaka kahawa inampalia. Siku nisiyokutukana ulikuja kuniuliza, "Bibi, unaumwa?"

Basi juzi mafua yalinikausha sauti, nikashindwa kukutumia maneno ya kusema kwenye simu kama siku zote. Nikamwambia jirani yetu Bi Time aniandikie: "Mke mwenza mchawi, baki hukohuko Unguja, mume wangu sikupi." Utani wetu uleule. Bi Time ananambia ati ningetia kikatuni cha kucheka! Tangu lini mimi nawe tukachorana kicheko?

Jana mumeo kanipigia, kanieleza. Mikono yako ilikuwa na unga, ukampa simu mkweo, Bi Zuwena, akusomee. Kumbe! Maneno yangu umeyasikia kwa kinywa chake, na mwanamke yule hata akisema "karibu" utadhani anakufukuza. Ukalia, akakufuta machozi, akakwambia utazalia kwake.

Wallahi nina wivu, sifichi. Mimba ya mwanzo, akukande yeye? Mtoto wetu aoshwe na mikono yake arubaini nzima, mimi niletewe picha? Kitanda chako nimekiwamba kamba mpya. Pilipili manga ya uji wako nimeianika mwenyewe. Nimpikie nani, Bi Time? Na babu yako tangu jana hanisemeshi. Ati nimemfukuzia mke.

Haya, nami nimekosa. Matusi yangu kwako yanataka sauti yangu, sikustahili kumpa mtu ayaandike. Ndiyo maana herufi hizi zilizokwenda kombo ni za mkono wangu, na kutwa nzima nimezihangaikia.

Isome barua hii peke yako, kwa sauti yangu unayoijua. Bi Zuwena usimshikishe hata bahasha. Ukimaliza, nawa uso, funga nguo zako, umwambie mumeo akupandishe boti ya Ijumaa ya kuja Pemba. Njoo unitukane mbele ya uso wangu.

Bibi yako,
mke mkubwa