Siku Tisa Bila Lenzi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijasema lolote, goti linaendeleaje? Kaka ameniambia umeanza tena kuchuchumaa kwenye karakana kana kwamba daktari hakusema kitu, na Mama amechoka kukukumbusha kiti. Tafadhali Baba, kiti kile hatukukileta kiwe cha kuanikia matambara ya grisi. Na Mama mwenyewe je, kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, kazi ipo, na uso wangu umerudi kuwa wa binadamu. Kwa nini ulikuwa umeacha kuwa hivyo, ndiyo habari yenyewe.

Najua umeshaanza kucheka. Binti ni fundi simu, mezani kwake zinalia simu nne kwa zamu, halafu anaandika barua! Lakini wewe simu yako huwa unaiweka sauti ya juu mpaka majirani wanachangia mazungumzo. Juzi juzi nilipokupigia kukuambia nina mafua, jirani wa ng'ambo ya ukuta alinitajia dawa kabla wewe hujasema pole. Haya ya leo ni ya kwako peke yako. Kaka anakuja huko Jumamosi, nimempa bahasha, na nimeifunga kwa gundi ya kubandikia vioo vya simu. Akijaribu kuchungulia utajua tu.

Habari kubwa ni jicho la kushoto. Usishtuke, limepona. Ila lilikuwa linakwenda, Baba, na kama lingekwenda lingeondoka na kazi yangu yote, maana hakuna anayempa simu yake fundi asiyeona skrubu. Na wewe unajua nina mpango wa kufungua kibanda changu mwenyewe. Kwa wiki kadhaa nilijiona nimekifunga kabla sijakifungua.

Ilivyokuwa ni hivi. Nilipoajiriwa hapa niliwaambia nyote kwamba nimeacha miwani, navaa lenzi, vile vipande laini vinavyobandikwa juu ya jicho lenyewe. Nilisema miwani inanishuka puani nikiinama, na siku moja ilidumbukia kwenye simu ya mteja iliyokuwa wazi matumbo nje. Ni kweli ilidumbukia. Lakini huo haukuwa ukweli wote, na nitafika huko.

Mwanzoni lenzi zilinipendeza mno. Nilikuwa nasahau kama nimezivaa. Kisha taratibu, kila ikifika saa tisa mchana, nikawa nahisi kama kuna mchanga machoni. Macho yanakauka, yanawasha, kisha machozi yanatiririka yenyewe. Kuna mama mmoja alileta simu iliyovunjika kioo, nikaiinamia kuikagua, machozi tiririti. Yule mama akanishika bega akaniambia nisilie, ni simu tu, tena alishazoea. Jirani yangu wa meza, mzee mmoja tunayemwita Betri kwa sababu hachoki kuongea, yeye aliamua kwamba nimeachwa na mchumba. Nikimwambia sina mchumba, anasema basi ndiyo maana.

Na mimi unanijua nilivyo na kichwa kigumu. Nilisingizia moshi wa solda ninapounganisha nyaya. Nikasogeza feni ikanipulizia usoni moja kwa moja, macho yakazidi kukauka. Nikisikia yanawaka, naenda chooni, nazitoa lenzi, nazisuuza kwa maji ya kunywa ya kwenye chupa, nazirudisha. Mikono yenyewe imetoka kushika simu za watu! Dawa ya kuzilowekea ikipungua kwenye kikasha naongezea juu ya ile ya jana, kama mtu anayeongeza maji kwenye mchuzi. Lenzi za mwezi mmoja nikazivaa miezi miwili na ushee. Siku nyingine nililala nazo mchana wa Jumapili, nikaamka kope zimegandana. Kwenye duka la dawa nikanunua matone ya kwanza niliyoyaona, nikajitibu mwenyewe, daktari mimi, mgonjwa mimi.

Basi asubuhi moja jicho la kushoto likakataa kufunguka. Nilipolifungua kwa vidole lilikuwa jekundu tupu, na mwanga wa dirishani uliniingia kama mwiba. Bado nilienda kazini! Bosi aliponiona alininyang'anya kibano mkononi, akasema niende kwa wataalamu wa macho sasa hivi, na nisirudi bila karatasi yao. Namshukuru sana, ingawa siku ile nilimnunia.

Mtaalamu aliyenipokea ni mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alinimulika, akanimulika tena. Akasema kuna kidonda kwenye ngozi ile nyembamba ya mbele ya jicho, na wadudu wameshaanza kuingia. Aliniambia bila kuzunguka kwamba ningechelewa zaidi kidogo, huenda kingebaki kovu, na kovu likikaa hapo katikati ndiyo basi tena. Nililia, Baba, na safari hii nilikuwa nalia kweli. Alinipa dawa ya kutia kila baada ya saa chache, akazitupa lenzi zangu kwenye pipa mbele ya macho yangu, akaniuliza miwani yangu iko wapi. Nikamwambia niliigawa zamani. Miwani mpya ingechukua siku tisa.

Siku tisa hizo sitazisahau. Sina lenzi, sina miwani. Dunia ikawa kama imepakwa mafuta. Nilitembea nikipapasa ukuta kutoka chumbani mpaka dukani. Nilimwamkia kwa heshima zote mzee aliyesimama mlangoni kwa mafundi cherehani, nikangoja aitikie, kumbe ni sanamu la kuvalishia nguo. Vicheko vya wale mafundi bado navisikia. Nilimimina chumvi kwenye chai. Nilipishana na rafiki yangu wa karibu, akanuna siku mbili kwamba namringia. Siku ya kwanza na ya pili nilicheka. Ya tatu sikucheka tena. Kutoona kunachosha, na kunaogopesha, hasa watu wanapokupungia mkono nawe hujui kama ni wewe wanayekupungia.

Nilipokwenda kuchukua miwani, kidonda kilikuwa kimefunga. Yule mama akanipa simu yake na bisibisi, akasema niifungue kama niko kazini. Nikadhani ana tatizo la simu. Nilipomaliza aliniambia amenihesabia: kwa dakika tatu nzima nilikuwa nimepepesa macho mara nne. Kumbe sisi mafundi tukiinamia skrubu tunakodoa tu, na jicho lisipopepesa halilowi, na lenzi juu ya jicho kavu ni kama kiatu kipya bila soksi. Hakuninyima lenzi. Alisema nikishapona kabisa nitazivaa kwa saa chache, za aina inayofaa macho makavu, lakini mezani kwenye solda ni miwani. Mikono nioshe kwa sabuni na niikaushe kabla ya kuzigusa. Maji ya aina yoyote yasizikaribie. Dawa kwenye kikasha ni mpya kila siku, na siku ya lenzi ikifika zinakwenda pipani hata kama bado zinang'aa. Nikisikia kuwasha, nizitoe, nisishindane nazo. Akanipa na matone ya kulainisha, yale yanayofaa kutumika na lenzi, siyo yale yangu ya kubahatisha.

Nimemtii, Baba, ukiuliza Mama atakuambia hilo si jambo dogo kwangu. Feni nimeigeuzia ukutani. Kila nikitoa skrubu moja napepesa macho mara tano, na siku ya kwanza Mzee Betri akaniuliza kwa unyenyekevu mkubwa kwa nini namkonyeza, yeye ana wajukuu. Jumapili nikitoka navaa lenzi, nikirudi navua, na wala sizisikii. Ule mchanga wa saa tisa sijauona tena. Nimetulia, Baba. Sikumbuki mara ya mwisho nilipofurahia mchana hivi.

Sasa nifike kule nilikosema nitafika.

Yule mama aliniuliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye macho mabovu. Nikampigia Kaka, siku hiyo alikuwa huko kwenu, akapiga picha kile cheti chako cha miwani akanitumia. Yule mama akakilinganisha na changu, akasema namba zetu zinakaribiana sana, ila zako ni mbaya zaidi kidogo. Akaniambia eti nimejaliwa macho ya baba. Nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za nje.

Ukweli ambao sikuwaambia, Baba, ni kwamba nilivaa lenzi ili usoni kwangu kusiwe na kitu kinachofanana na wewe. Nimeshaandika, sifuti.

Ilianza tangu shule ya bweni. Unaikumbuka siku uliyoniletea sanduku kwa baiskeli. Ulikuja na nguo za kazi, na ile miwani mizito umeifunga kisogoni kwa ukanda wa mpira wa tyubu ili isidondoke. Wenzangu wakaniuliza huyo mwenye vioo vya chupa ni nani. Nikawajibu kwamba ni fundi baiskeli tu, ametumwa na baba. Ulikuwa hatua tatu kutoka nilipo. Nimejidanganya miaka yote kwamba hukusikia. Lakini uliweka sanduku chini, ukaniita binti, kama unavyomwita binti wa mtu, ukasema baba yangu ananisalimu na anasema nisome kwa bidii. Kisha ukageuza baiskeli. Hata maji hukunywa. Nyumbani hukulisema, si kwangu wala kwa Mama, maana Mama angejua, dunia nzima ingejua.

Kisha yakaja mahafali ya chuo cha ufundi. Ulikuja umevaa koti, bila miwani. Nilidhani umeisahau, na Mungu anisamehe, nilishukuru. Uliketi nyuma kabisa, ambako majina hayakusikika vizuri. Alipoitwa msichana aliyenitangulia, ulisimama ukampigia makofi mpaka watu wakageuka. Nilipoitwa mimi, ulikuwa umekaa. Na unajua kilichonipata? Kisigino cha kiatu kiling'oka kwenye ngazi, nikavivua vyote viwili, nikakipokea cheti miguu mitupu, viatu mkononi, ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Baadaye kwenye chakula ulinishika mkono ukasema nimetembea vizuri, na vile viatu vimenipendeza. Nikajua ni utani wako. Nimewasimulia watu kichekesho hicho kwa miaka saba, kwamba baba yangu ana utani mkavu. Hata hapa kazini wanakijua.

Haukuwa utani. Nilimuuliza yule mama, mtu mwenye namba kama za Baba, bila miwani, anaweza kumtambua mwanawe jukwaani kutoka mstari wa nyuma? Akasema hata kutoka mstari wa tatu hawezi. Baba, siku ile hukuniona. Ulivua macho yako ili mimi nisione haya, ukakaa gizani mchana kweupe, ukabahatisha makofi. Mimi siku tisa tu zilinishinda, tena nilikuwa na ukuta wa kupapasa. Wewe uliifanya safari ile yote ya kuja na kurudi.

Siombi uniambie si kitu. Najua utasema si kitu. Ninaomba radhi, kwa sanduku, kwa mahafali, na kwa miaka saba ya kulifanya kicheko.

Kibanda nakifungua Jumamosi ya pili ya mwezi ujao. Ni kidogo, meza moja na dirisha moja, lakini mlango unatazama barabara. Njoo, Baba. Vaa nguo zako za kazi ukipenda. Vaa miwani yako, na ule ukanda wa tyubu, maana utakuwa unainama kuangalia simu za watu, nakujua. Nitakuweka mbele kabisa. Na mteja wa kwanza akiniuliza mzee huyu ni nani, nitamjibu kwa sauti ambayo hata wa ng'ambo ya barabara atasikia.

Msalimie sana Mama, mwambie namletea sweta kwa kile kikohozi. Msalimie na jirani wa ukutani, ila usimsomee.

Binti yako anakusalimu.

Ni mimi,
Kitindamimba wako