Kwa Baba, Aliyenielezea Sinema za Angani

Mpendwa Baba,

Wiki iliyopita Mama aliniambia jambo kukuhusu, na tangu siku hiyo nimejikuta nikiongea nawe nikiosha vyombo, nikipanda ngazi, hata nikiwa kazini. Afadhali nikuandikie.

Kwanza nikupe habari za kazi, maana ulipotuacha nilikuwa bado najaribiwa pale studio, nachora mawingu na kuta za nyuma tu. Unazikumbuka zile sinema za angani, zenye falme za nyota na maroboti wasionyamaza? Wenye sinema hizo waliamua kutengeneza mfululizo wa katuni katika ulimwengu uleule. Kila kipindi kina hadithi yake na watu wake, na kinatengenezwa na studio ya nchi tofauti. Kimoja kilikuja Nairobi, Baba. Kilikuja kwetu.

Wangari, mkurugenzi wetu, mzaliwa wa Kawangware, alituita mezani akasema kila mtu alete hadithi. Wenzangu wakaleta vita, wafalme, sayari inayopasuka. Mimi nilikaa nikifikiria kibanda cha video kule mtaani kwetu Lindi.

Ulikuwa ukinipeleka Jumapili baada ya kanisa. Wiki nzima ulikuwa mjengo, ukibeba simiti, na Jumapili ulisugua mikono kwa jiwe mpaka ikawa myekundu ndipo unishike wangu. Tulikaa benchi la pili. Sinema ilikuwa ya Kizungu, na mimi sikuelewa neno, kwa hiyo wewe ulinielezea.

"Ona huyu mzee, Akoth. Huyu ni baba yake yule msichana. Anamwambia avae sweta, huko juu kuna baridi."

"Na hiyo roboti?"

"Hiyo ni shemeji. Ndiyo maana hainyamazi."

Niliamini kila kitu. Nilijua ukoo wote wa watu wa angani, nani kaoa wapi, nani hasalimiani na nani. Shuleni niliwasimulia wenzangu, nao wakaniomba zaidi.

Kisha nikafika darasa la sita, na Kiingereza kikaniingia. Jumapili moja wakarudia sinema ya yule mzee na msichana. Mzee amesimama mlangoni mwa chombo cha angani, msichana yuko ndani, mzee anaongea na kuongea. Ukaniinamia. "Anamwambia asisahau njia ya nyumbani."

Nikasimama, Baba. Ningeweza kukunong'oneza, lakini nilisimama.

"Si hivyo anasema! Huyo ni adui yake. Anasema atachoma kwao kote. Wewe hujui Kizungu!"

Kibanda kizima kikacheka. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. "Baba Akoth, leo umefunzwa na mtoi wako!"

Ulitabasamu. Ukasema polepole, "Sawa, nyathina. Basi wewe nielezee." Uliniita mtoto wako kwa Kijaluo, vile ulivyofanya nikiwa mgonjwa. Nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa nimeshinda. Nikaelezea mpaka mwisho, kwa sauti kubwa, ili wote wasikie.

Jumapili iliyofuata ulisema umechoka. Ile nyingine ulisema kuna mtu unaenda kumwona mtaa wa Satellite. Baadaye sikuuliza tena.

Hayo ndiyo niliyoyabeba mpaka kwenye ile meza. Zamu yangu ilipofika nilisema: kuna fundi mzee anayetengeneza vyombo vya angani lakini hajawahi kuruka hata siku moja. Binti yake anachaguliwa kuwa rubani. Mzee hajui chochote kuhusu nyota, ila anamsindikiza mpaka mlangoni akimweleza zote, na zote anazikosea. Kisha anamwambia avae sweta.

"Halafu?" Wangari akauliza. "Nini kinalipuka?"

"Hakuna."

Wenzangu wakatazamana. Wangari akazungusha kalamu yake kwa muda. "Mimi nikienda bodingi," akasema, akimkumbuka mama yake, "mathe alinifungia chapati kumi na mbili. Safari ya saa moja." Akaifungua kalamu, akaandika.

Ilichukua karibu miaka miwili. Ile sehemu ya mlangoni niliomba nichore mwenyewe. Mikono ya mzee ilikataa kukaa vizuri. Nilichora, nikafuta, nikachora. Mwishowe nilienda kwenye jengo moja linalojengwa karibu na ofisi, nikakaa mchana mzima nikiwatazama watu wa mjengo wakifunga vifungo vya mashati yao baada ya kazi. Vidole vikiwa vimekaukiwa na simiti, kifungo kinakuwa kitu kidogo sana.

Kipindi kilipotoka nilikipeleka kwa Mama, Kawangware anakoishi sasa. Alifunga kibanda chake cha mboga mapema, akavaa leso safi kana kwamba mgeni anakuja, tukakaa kitandani na kompyuta magotini. Mzee alipoanza kumfunga binti yake vifungo vya sweta, Mama akasema, "Huyo ni Baba Akoth." Akakaza macho mpaka majina ya waliokitengeneza yalipopita yote.

Mimi nililia. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyemfanya aache kwenda video."

Nilidhani atanibembeleza. Unamjua Mama.

"Ndiyo," akasema. "Ulimuumiza. Alirudi siku hiyo hakula."

Kisha akaniambia yale nisiyojua. Kwamba ulichukua vitabu vyangu vya zamani vya Kiingereza, vya darasa la tatu na la nne, vilivyokuwa chini ya kitanda. Kwamba ulivisoma asubuhi kabla ya kutoka, mimi nikiwa bado nimelala, ukimuuliza yeye maneno, naye hayajui. Mwaka, na zaidi ya mwaka. Ulimwambia ukikijua kidogo utanirudisha video.

"Na akaja akakuuliza," Mama akasema. "Ulikuwa likizo, kidato cha kwanza."

Nikakumbuka. Ulisimama mlangoni na shati lililopigwa pasi. "Akoth, twende? Wameleta mpya ya maroboti." Nami sikuinua hata uso kwenye kitabu. "Baba, hizo ni za watoto." Ukasema sawa.

Baba, nisamehe. Kwa ile siku ya kusimama, na zaidi kwa hii, maana ya kwanza nilijua nimekukosea, hii sikujua hata kama ni kosa.

Nikamuuliza Mama ulifanya nini baada ya hapo. Akacheka, mara ya kwanza mchana huo.

"Alienda peke yake. Akarudi jioni anang'aa kama mtu aliyepata kazi. Akaniambia, 'Nimeelewa nusu!'"

Tangu hapo najiuliza ilikuwa nusu gani, na ile nyingine uliijaza na nini. Ningetoa kipindi kizima, Baba, kukaa benchi la pili unielezee nusu zote mbili.

Pumzika vizuri huko nyumbani, karibu na ziwa.

Binti yako,
Akoth