Bomba la Jikoni

Mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Mimi mzima, ila magoti. Kuku ametotoa saba. Yale maji uliyonivutia jikoni yanatoka vizuri, majirani wananionea wivu, na waone.

Mama yako anasema siku hizi huendi kanisani, eti kazi inakuchosha. Kazi gani, wewe unayekaa kwenye kiti cha kuzunguka? Nimekusema peke yangu humu ndani mpaka nikanyamaza, maana hata mimi nina langu.

Miaka thelathini nilisali njiani kwenda kisimani. Kwenda naomba, kurudi nashukuru, ndoo kichwani. Nilikulilia upate kazi, ukapata. Tangu bomba lije sijamwambia Mungu neno. Miezi minne imepita ndipo nikashtuka. Kinachonitisha ni kwamba sikuona kama kuna kitu kimepungua.

Jana nilifunga bomba nikabeba ndoo. Nikafika kisimani sina la kusema. Nikateka, nikarudi kimya.

Kesho nakwenda tena. Usinitumie fundi, bomba halijaharibika. Na wewe Jumapili amka uende, hata kama utakaa kimya kama mimi.

Ni mimi bibi yako, na bado nimekukasirikia.