Earphone za Bei Nafuu na Mbuzi wa Mutua

Mutomo, Jumamosi

Nilitaka tu nisisikie. Leo Mutua, aliyeniahidi ndoa, ameleta mbuzi wa ntheo hapo kwa jirani kumposa binti yao, Mwende. Kwa hivyo asubuhi nilienda sokoni kutafuta earphone za kuzima kelele.

Abdi wa dukani alinitolea za bei nafuu. "Dada, nisikudanganye. Hizi zinazima ngurumo, kama ya jenereta au posho mill. Sauti ya mtu au mnyama bado itapita."

Nikachukua hizo hizo. Ningefanya nini?

Kweli, jenereta ya jirani imenyamaza kabisa. Sasa vigelegele ndivyo vinavyosikika vizuri zaidi, na mbuzi wakilia. Yule mweusi namjua sauti. Nilimkatia majani mimi mwenyewe kwa kina Mutua, nikijua ataletwa kwetu.