Nyimbo Zako Hazikuingia, Shangazi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ungekuwepo ungechelewa kuitikia makusudi, uniulize kwanza nimekula nini.

Nakuandikia kwa ajili ya Jumamosi ile niliyokuja Kisarawe kutoka Kibaha na kiboksi changu kipya cha kurekodia sauti. Wewe ndiye uliyeniita. Ulikuwa kungwi, umewafunda mabinti wa ukoo mzima, mimi nikiwemo, na ulilalamika kuwa siku hizi mwali anatolewa kwa muziki wa spika, nyimbo zetu za Kizaramo hakuna anayezijua. "Njoo uichukue sauti yangu kabla sijanyamaza," ulisema.

Nikachomeka maiki kwenye kiboksi, kiboksi kwenye kompyuta, nikafungua programu yangu ileile ya zamani ninayorekodia matangazo ya harusi. Nikavaa hedifoni. Lahaula, sauti ile! Hata pumzi zako nilizisikia. Uliimba toka adhuhuri hadi alasiri, umejitanda khanga mpya utadhani maiki ina macho, huku ukimfokea jogoo, "Toka, na wewe unataka kurekodiwa?" Nilicheka mpaka machozi.

Ulipoingia ndani kuswali, nikasikiliza nilichorekodi. Feni ya kompyuta inavuma. Kuku. Wewe kwa mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya tatu, maneno hayashikiki. Programu ilikuwa bado inapokea kutoka kwenye maiki ndogo ya kompyuta yenyewe. Nilichokuwa nakisikia mimi kilitoka kwenye kiboksi moja kwa moja hadi masikioni, hakikupita kwenye programu kabisa. Ilitakiwa nibofye mara moja tu, nichague kiboksi. Sikubofya.

Ukarudi ukauliza, "Zimeingia?" Nikasema zimeingia zote, shangazi. Ulikuwa umechoka, nami nilishajifanya fundi mbele ya majirani zako. Nilijiambia nitarudi wiki ijayo kwa kisingizio cha kuongeza nyimbo mbili tatu. Wiki ikawa mwezi, aibu ikanizidi, kila ukipiga simu nasema kazi nyingi. Kibaha na Kisarawe, jamani, ni safari ya kufunga mizigo? Kilichonirudisha kwako ni msiba wako.

Kukosea hukosea kila fundi. Ule uongo ndio unaonitafuna.

Jana binti yako Mwanaidi alinipigia. Mwanawe amevunja ungo, anataka nyimbo za bibi yake. Nikamweleza yote. Akasema, "Mama alijua. Alisema wewe ukidanganya humtazami mtu usoni, tukuache, utarudi mwenyewe. Tangu siku ile hakunywa tena maji ya friji, na joto lote hili, eti asikaukwe na sauti kabla hujaja."

Nisamehe, shangazi yangu. Mungu akulaze pema.

Mimi, mtoto wa kaka yako, uliyekuwa ukimngoja.