Niliitika Hodi Isiyo Yangu

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeushika mtaa wetu wa Lizaboni hata nyumba ya jirani siioni. Sikwenda misa. Mlango nimeutia komeo, chai imepoa mezani.

Nina hofu. Bora niseme mapema.

Jana nilikuwa Nyasa, kununua kiwanja ufukweni mwa ziwa. Tangu lami ifike Mbamba Bay, hapa Songea kila mwenye akiba anaongelea ufukwe, na mimi na kaduka kangu ka vitenge sikutaka kuachwa nyuma. Nataka kujenga nyumba ya wageni, yenye baraza linalotazama maji. Kijiji chenyewe hakina umeme wala duka la maana, ndiyo maana bei bado inashikika.

Muuzaji, Kastori, alinitembeza mipakani pamoja na majirani, kama ilivyo desturi ya pale. Kila jirani anapigiwa hodi kwenye mpaka wake, anaitika "karibu", anakuwa shahidi. Juu sawa, kulia sawa, kushoto sawa. Upande wa chini ni ziwa tu, nikadhani tumemaliza.

Bibi yake Kastori, Bibi Agata, akasogea mpaka maji yakamgusa vidole vya miguu. Akapiga hodi.

Kastori akaninong'oneza kwamba zamani palikuwa na nyumba pale, kabla ziwa halijapanda. Wenyewe waligoma kuhama. Hodi hupigwa mara tatu, kukiwa kimya, bibi husema, "Hayupo mtu. Tuendelee," na mauzo yanapita.

Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Watu wazima wamevua kofia, wameinamia maji. Mimi kimya kirefu hunichekesha, hata msibani. Bibi alipopiga ya tatu nikaitika, "Karibuuu!"

Hakuna aliyecheka.

"Nani kaitika?" bibi akauliza bila kugeuka.

"Mimi, bibi. Natania tu."

"Hodi haina utani, mwanangu. Anayeitika ndiye mwenyeji." Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. "Sasa ukifika kwako, hodi ya kwanza utakayopigiwa, iitikie upesi. Hapo utakuwa umerudi."

Njia nzima nilijicheka. Mtu mzima na akili zangu, eti sijarudi mpaka nipigiwe hodi! Nilifika jioni, hakuja mtu, nikalala.

Leo asubuhi nikakaa kuisubiri, nusu utani, nusu kweli. Nilidhani atakuja mama wa maandazi, au jirani kuomba chumvi.

"Hodi, dada."

Sauti ya Sabina, mdogo wangu. Nilifungua kinywa kuitika kwa furaha, ndipo nikakumbuka. Sabina yuko Madaba kwa mama, wanavuna mahindi. Alikuwa ametoka kunitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, analalamikia baridi ya huko.

"Hodi, dada."

Nilijua napaswa kuitika. Nilijua pia kwamba nikimkaribisha mtu itabidi nimfungulie. Nikachungulia dirishani, nikaona ukungu tu.

Ya tatu ilipigwa polepole, kwa upole kabisa. Nikajiziba mdomo kwa mkono.

Halafu sauti ile ile ya Sabina ikasema, si kwangu, kwa wengine waliokuwa naye: "Hayupo mtu. Tuendelee."

Sabina hajawahi kukanyaga Nyasa.

Nimempigia simu Kastori. Nimemwambia kiwanja sikitaki tena, abaki nacho na kila kitu. Hakubishana. Alisema bibi yupo hapo pembeni yake, anauliza jambo moja tu: hodi ya kwanza niliiitikia? Nikakata simu.

Kiwanja naweza kukiacha. Lakini nikihesabu kwa hesabu zao, kule majini kuna mwenyeji, na hapa Lizaboni, kwenye nyumba niliyojengewa na marehemu mume wangu, hakuna mtu.

Naandika haya ili nijione nipo. Natazama vidole vikigusa simu, nasikia bati likidondokewa na manyunyu. Nipo. Hodi nyingine ikija nitaiitikia palepale, isingoje kupigwa mara ya pili, awe nani, sauti iwe ya nani.

Ila nitakuwa naitikia wapi?