Fomu Niliyoijaza kwa Penseli

Mpendwa Shangazi,

Yeyote atakayekusomea barua hii hapo hospitalini Mbeya, namwomba asome polepole. Nimechoka. Wiki nzima mimi na Baba tunabishana juu ya karatasi moja.

Ni fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano. Nataka sayansi, ili siku moja nifanye kazi uliyoifanya, ya kuwawekea wagonjwa betri ya moyo. Baba hataki. "Kazi ile imemla dada yangu mgongo, ikamla na macho. Wewe itakubakizia nini?"

Simlaumu. Uliporudi kutoka kazini Afrika Kusini nilikuuliza aproni mliyovaa kuzuia mionzi ina uzito gani. Ukachukua mfuko wa chumvi ya Ivuna, ukanifunga nao kifuani kwa kitenge, ukaniambia nichambue maharage nikiwa nimesimama. Sikufika nusu ya ungo. Ukacheka, "Weee! Na huyo ni mgonjwa wa kwanza tu!"

Lakini aproni haikufunika macho. Daktari alisema huenda ukungu wa macho yako umeletwa na mionzi ya miaka yote ile. Likizo iliyopita, hapa kwetu Tunduma, ulikuwa ukienda jikoni kwa kupapasa: ukuta, kabati, mlango. Nilipotaka kukushika mkono ulinikataza. "Niache, binti wa kaka. Hata mashine mpya inafanya hivihivi."

Ukanieleza kwamba zamani mliwasha mionzi kila mara ili muone waya umefika wapi ndani ya moyo. Siku hizi ncha ya waya inagusa kuta za moyo, na kompyuta inachora chumba kizima, mbele, nyuma na pembeni. Daktari anafuata ramani hiyo, na mionzi inawashwa kidogo sana. "Imeletwa mwaka nilioacha kazi," ulisema. Kisha ukauliza kama chai imechemka.

Nimemweleza Baba yote haya. Akasema, "Nitaamini dada akiniambia mwenyewe, akinitazama usoni."

Wanasema bandeji ya macho uliyofungwa baada ya upasuaji inafunguliwa Jumatatu. Fomu inarudishwa shuleni Ijumaa. Nimeijaza kwa penseli, nyepesi, ili Baba asikasirike. Kalamu ya wino nimeiweka pale pale kwenye kabati unalolipapasa.

Usiharakishe kupona kwa ajili yangu, Shangazi. Ila ukiweza kusafiri, njoo kabla ya Ijumaa, umtazame kaka yako.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Tunduma